Neno la Bangboka

Mama Ursule alianza kujifunza Kifaransa akiwa na miaka hamsini na mbili, na usiniulize ni shule gani. Shule yake ilikuwa jiko la makala, yaani mkaa, beseni la samaki na rundo la majani ya kufungia samaki wa liboke, kwenye soko dogo lililo juu kidogo ya maporomoko, hapo Kisangani. Mwalimu hakuwepo. Mwanafunzi mwenzake alikuwa Aziza, mwuza mchele na mbika, zile mbegu za maboga, mtu wa Kasongo kule Maniema, Mwislamu wa kilemba kisafi na mdomo mkali. Hakuna kati yao aliyemaliza darasa la nne. Na bado nakuambia, sijaona watu waliofurahia masomo kama wale wanawake wawili, wala sijaona furaha iliyolipwa vibaya kama ile.

Nianze na kilichomsukuma, maana mtu mzima haamki asubuhi moja akataka Kifaransa bure bure.

Mume wake, Nephtali, alikuwa mvuvi wa maporomoko, katika wale wanaosimamisha miti mikubwa katikati ya maji na kutega vikapu vyao huko. Maji yalimchukua wakati mtoto wao Hubert ana miaka tisa na mdogo wake Joëlle ana sita. Tangu siku hiyo liboke ndiyo baba, liboke ndiyo mama. Alifunga liboke, akasomesha. Watu walimcheka: mjane wa mvuvi anapeleka mtoto université, ataweza wapi? Aliweza. Hubert alisoma mpaka akapata licence, yaani shahada, na siku ya kutoa diplôme mama mtu alivaa pagne mpya, kitenge cha sherehe, akafunga maboke thelathini ya capitaine, samaki wa heshima, akabeba beseni kichwani mpaka uwanja wa chuo.

Pale uwanjani profesa mmoja akaja kumpongeza Hubert. Pembeni ya Hubert alikuwa amesimama tante Gertrude, dada wa marehemu Nephtali, mwalimu wa shule ya msingi, mwenye miwani na viatu vya kisigino na Kifaransa kinachoteleza. Ursule alikuwa hatua tatu tu nyuma yao, beseni bado kichwani. Hubert akaweka mkono begani mwa Gertrude. "Monsieur le professeur, voici ma mère." Huyu hapa ndiye mama yangu. Profesa akampa Gertrude mkono, kisha akamtazama Ursule na beseni lake, akauliza, na huyu je? Na mtoto yule, aliyenyonya ziwa la Ursule miaka miwili na nusu, akajibu bila kugeuka: "C'est une maman du quartier." Ni mama mmoja wa mtaani kwetu.

Maneno hayo hayakuhitaji shule. Maman kila mtu Kisangani anaijua, na quartier kila mtu anaijua. Gertrude alikohoa, akarekebisha miwani. Ursule akashusha beseni, akagawa maboke yote thelathini, huku anasema karibuni, karibuni, muko bien? Alilia alipofika nyumbani, peke yake, amejifunika pagne ile mpya. Hubert hakusema kitu siku ile, wala kesho yake, wala mwaka ule. Baadaye akapata kazi Kinshasa, kwenye kampuni ya kusafirisha mizigo, akapanda ndege kwenye uwanja wa Bangboka akaenda zake.

Na Ursule hakumchukia. Hapo mimi ningeshindwa, nasema kweli. Yeye alisema moyoni: mtoto aliona aibu kwa sababu ya mdomo wangu, basi mdomo nitautengeneza. Siku Hubert atakaporudi kutoka Kinshasa nitamngoja Bangboka, mbele ya wenye suti na wenye miwani, nitamsemesha kwa Kifaransa, na wote watajua mama wa huyu mtoto ni nani. Hilo tu ndilo alilolitaka duniani. Alimwambia Aziza peke yake, akamwapisha asimwambie mtu, hasa Joëlle.

"Naapa," Aziza akasema. "Lakini na miye nitajifunza. Hautaniacha hapa na bujinga yangu."

Bon. Sasa sikia walivyofanya. Liboke ni samaki anayefungwa ndani ya majani mapana pamoja na pilipili na kitunguu, kisha anawekwa juu ya makala aive kwa maji yake mwenyewe. Kufunga kunataka mikono. Mdomo unabaki bila kazi. Ursule akaamua kila liboke litafungwa na neno lake. Anachukua neno moja asubuhi, analisema tangu jani la kwanza mpaka kamba ya mwisho, anaweka pembeni, anaanza tena. Maboke arobaini, mara arobaini. Neno likigoma, anakaza kamba. Mteja akija, Aziza anauliza kwa sauti: "Ya leo iko na nini ndani?" Na Ursule anajibu: "Leo iko na malgré." Yaani ingawa. Madereva wa pikipiki walizoea. Mmoja alirudisha jani akilalamika kwamba malgré ya leo imekosa chumvi, na wale wawili wakacheka mpaka mchele wa Aziza ukamwagika.

Maneno yalitoka popote. Kwenye makopo ya sardini, kwenye mifuko ya saruji, kwenye zile karatasi zilizokunjwa ndani ya boksi za dawa, ambazo mwuza dawa wa jirani alikuwa anazitupa. Ursule alijua kusoma kidogo, kusoma kwa kanisani, na alikuwa na daftari lenye kurasa mia, akiandika kama alivyosikia. Samaki nao walisemeshwa. "Bonjour, Monsieur Capitaine, vous avez bien dormi?" anamsalimia samaki mkubwa kabla ya kumpasua, kama amelala vizuri, na Aziza, kwa sauti nzito ya mwanaume, anajibu kwa niaba ya marehemu: "Non, madame, j'ai froid!" Hapana, nasikia baridi. Yo! Watu wazima wale, wenye watoto walioolewa, wanacheka kama watoto wa maternelle.

Lakini mwalimu wao mkubwa ilikuwa redio. Mpira walijaribu, wakashindwa, mtangazaji anakimbia kuliko wachezaji. Kilichowafaa ni matangazo ya vifo ya saa saba mchana. Vifo vinasomwa polepole, kwa heshima, na kila siku maneno ni yale yale, majina tu ndiyo yanabadilika. Familia fulani ina huzuni kubwa ya kutangaza kifo cha fulani. La levée du corps, yaani kutoa maiti mochari, itakuwa siku fulani. Ursule alifuatisha sauti ile kama anavyomfuatisha padri kwenye sala. Ndiyo maana alijua kuzika kwa Kifaransa kabla hajajua kupika.

"Français yako inanuka morgue," Aziza alimwambia. "Siku utasalimia Hubert, utamuambia condoléances!"

Pole za msiba! Wakacheka na hilo pia. Mungu anisamehe, hata mimi nilicheka niliposimuliwa.

Mwaka wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Ursule akawa anasikia. Kwanza neno moja moja, halafu sentensi nzima. Na hapo ndipo taabu ilipomkuta, maana sikio likishafunguka halichagui cha kuingia.

Mjue jambo moja la mji wetu. Kwetu hapa, wenye kusoma wakitaka kuficha kitu mbele ya mama zao, hawatoki nje, hawashushi sauti. Wanageuza lugha tu. Wanakaa mbele yako, wanakula chakula chako, wanasema Kifaransa, na wewe unabaki unatabasamu. Kifaransa ndiyo pazia la nyumba zetu, na tumelizoea hata hatulioni tena kuwa ni ukorofi. Joëlle alikuwa ameolewa na Ruphin, karani wa ofisi ya commune, na wote wawili waliishi parselle moja, kiwanja kimoja, na Ursule. Pazia lile lilishushwa kila siku juu ya kichwa chake. Mwanzoni alilifurahia. Alijua walikoficha sukari, alijua nani kati yao anamwogopa nani, na asubuhi alimsimulia Aziza yote kwa kicheko.

Mwezi wa tano, mwaka jana, Joëlle alikuwa uani anazungumza na kaka yake kwa simu. Mikono yake ilikuwa ndani ya unga wa mihogo, kwa hiyo simu aliiweka juu ya kigoda, sauti wazi. Ursule alikuwa hapo hapo anapaa samaki. Sauti ya Hubert ilikuja nyembamba. Alisema foie. Ini. Neno hilo Ursule alikuwa nalo kutoka kwenye zile karatasi za dawa, alilifunga siku nzima mwezi wa pili. Hubert akasema hospitali, akasema wiki tatu sasa, akasema macho yamekuwa ya manjano. Joëlle akauliza kama wamwambie mama.

"Non, non," Hubert akasema. "Surtout pas maman."

Mama hapana kabisa. Kisu cha Ursule kilisimama juu ya samaki. Joëlle akaaga, akakata simu kwa ncha ya kiwiko, akageuka, akasema kwa Kiswahili kitamu: "Mama, Hubert anakusalimia sana. Iko bien."

"Asante," Ursule akasema. "Na miye namusalimia."

Kesho yake sokoni alimwambia Aziza, na Aziza akaweka chini kipimo chake cha mchele.

"Sema sasa! Piga simu, muambie, Hubert, minajua uko mugonjwa. Mama ni wewe ama ni miye?"

"Nikisema, bote batajua ninasikia Français. Na Bangboka itabaki na nini?"

"Bangboka! Mutoto iko na ini mubaya, wewe unawaza Bangboka!"

"Hubert iko kijana. Atapona, atarudi, njo nitamushangaza."

Aziza akasogeza kigoda chake karibu. "Kwetu wanasema, mficha ugonjwa kilio humfichua. Bao banaficha, na wewe unaficha. Sasa kilio kitafichua nani?"

Ursule alikasirika, siku mbili hawakusemeshana. Unaweza kumwita mjinga ukitaka. Mimi nimemwita mjinga mara nyingi moyoni, halafu nakumbuka siku ile ya beseni, nanyamaza. Mtu aliyefunga neno miaka miwili na zaidi kwa ajili ya siku moja, haliachii hivi hivi.

Halafu likaja jambo lililomziba mdomo kabisa. Ilikuwa Jumamosi, Joëlle yuko tena na simu yake uani, Ursule anapepea makala. Hubert alikuwa anasema polepole, anapumzika katikati ya maneno, na kusema kule kwa polepole ndiko kulikomfanya Ursule asipoteze hata neno moja. Alisema kitandani mtu anakumbuka mengi. Alisema anakumbuka siku ya diplôme. "Quand je rentre, je demanderai pardon à maman. À genoux, devant tout le monde." Nikirudi nitamwomba mama msamaha. Kwa magoti, mbele ya watu wote.

Joëlle alilia. Ursule aliinuka, akasema moshi umemwingia machoni, akaenda nyuma ya nyumba. Huko aliuma pagne yake kwa meno ili asipige vigelegele. Alirukaruka, mama wa miaka hamsini na tano, peke yake kati ya ukuta na mti wa mpapai. Mtoto amekumbuka! Mtoto amejua alichofanya! Ugonjwa wenyewe aliusahau saa ile, na hilo ndilo hajajisamehe mpaka leo.

Tangu hapo hakutaka tena salamu. Alitaka jibu. Hubert atapiga magoti Bangboka, naye atamshika mkono, atasema. Alilitengeneza mwenyewe kutoka kwenye daftari lake, kipande kwa kipande, Aziza akimsikiliza: "Lève-toi, mon fils. C'est oublié depuis longtemps." Inuka, mwanangu. Imesahaulika zamani. Alilifunga kwenye kila liboke kwa wiki tano. Hakuna mtu wa soko lile ambaye hakula inuka mwanangu ya Ursule.

Jumapili, baada ya misa, Hubert alikuwa anampigia yeye mwenyewe, kwa Kiswahili cha nyumbani.

"Mama, niko bien."

"Mungu asifiwe."

"Na kazi iko bien."

"Mungu asifiwe, mutoto yangu."

Kila Jumapili sauti ilikuwa inapungua, na kila Jumapili wote wawili walidanganyana vizuri sana. Jumapili ya mwisho Hubert alianza vilevile, niko bien. Kisha akasema: "Mama, kuna kitu ningependa kukuambia."

Ursule alikaza simu sikioni. Jibu alikuwa nalo pale, kwenye ncha ya ulimi, limeiva. Kulisema tu ndiko kulikobaki. Lakini alijiona yuko uani, na pagne ya kazi, na mikono inanuka samaki, hakuna mtu wa kuona.

"Utaniambia Bangboka," akasema.

Hubert akacheka kidogo, akakohoa. "Basi, mama. Bangboka."

Jumanne iliyofuata Ruphin na Joëlle walirudi nyumbani saa tatu asubuhi, saa ambayo Ruphin huwa ofisini. Macho ya Joëlle yalikuwa yamevimba. Alisema ana malaria. Wakakaa kwenye viti, mbele ya Ursule kabisa, mahali ambapo angeweza kuwagusa na jani la liboke kama angenyoosha mkono, na Ruphin akaanza kusema kwa Kifaransa, kwa sauti ya kawaida, sauti ya mtu anayepanga safari. Alisema la levée du corps, c'est jeudi. L'avion, vendredi. Maiti inatolewa Alhamisi, ndege ni Ijumaa. Alisema tusimwambie maman lolote mpaka papa Gédéon afike.

Ile kwetu ni desturi, na sitaki kuitukana. Mama haambiwi msiba na mtoto wake, wala kwa simu, wala barabarani. Anangojewa mkubwa wa ukoo, anakuja, anakaa, anakunywa maji, ndipo anasema. Papa Gédéon, kaka mkubwa wa Nephtali, alikuwa Barumbu, chini ya mto, kwenye shughuli za samaki. Angechukua siku mbili kufika. Siku mbili hizo mama alipaswa kubaki hajui.

Levée du corps. Neno ambalo redio ilimfundisha kabla ya kijiko, kabla ya mlango. Ursule hakulitafuta kwenye daftari.

"Mama," Joëlle akasema, uso umegeukia ukuta, "Hubert anarudi vendredi."

"Vendredi," Ursule akaitikia. "Ni muzuri."

Akainama, akaendelea kufunga. Yalibaki maboke kumi na saba, akayafunga yote, akayapanga kwenye beseni, akalibeba mpaka sokoni kwa miguu yake. Usiniulize alifikaje. Aziza alipomwona alipiga ule mchezo wao, kwa mazoea tu: "Ya leo iko na nini ndani?"

"Leo iko samaki tu," Ursule akasema.

Aziza akaacha mteja wake amesimama. Akamvuta nyuma ya magunia, akamkalisha, na Ursule akamwambia sikioni. Walilia hapo, kila mmoja ameuma pagne yake, ili kilio kisifike nyumbani kabla ya mwenye kukileta.

"Sasa sema," Aziza alimsihi. "Rudi nyumbani useme minajua. Utapasuka."

"Bataniuliza juu ya nini, sababu gani, sikumuongelesha wakati iko muzima. Nitajibu nini, Aziza?"

Aziza akalichukua lile beseni, akaenda kuyauza maboke mwenyewe.

Kwa siku mbili walipanga kilio cha Ursule juu ya kichwa chake. Hema litafungwa wapi. Viti vitatoka kanisani. Nani atamshika akianguka, maana mama ana presha. Yeye anasikiliza, anachambua majani, anauliza kama wanataka chai. Jirani walianza kumsalimia kwa upole usio wa kawaida. Wimbo wa kwaya ulisikika ukijaribiwa nyumba ya tatu, wakamwambia ni wa arusi. Alhamisi saa kumi papa Gédéon akafika, miguu bado na tope la bandari. Alikunywa maji. Alisema juu ya mto, kwamba umejaa. Alimtaja Nephtali. Alisema Mungu anatoa, Mungu anachukua.

"Mama Hubert," akasema mwishowe, "mutoto alikuwa mugonjwa. Ametushinda."

Ursule akatoa kelele ile waliyokuwa wameingojea, na watu wa kumshika wakamshika, kama ilivyopangwa. Kelele ilikuwa ya kweli. Ilikuwa imekaa ndani tangu Jumanne.

Bangboka, Ijumaa, jua lilikuwa kali. Watu walikuja na lori moja na pikipiki nyingi, kwaya imevaa kitambaa cheupe kichwani. Tante Gertrude alivaa gauni jeusi, viatu vya kisigino na ile miwani. Ursule alikuwa miguu mitupu, pagne imefungwa kiunoni kama wanavyofunga wafiwa, nywele bila kitambaa, Aziza amemshika mkono wa kushoto. Ndege ilitua. Walingoja sana. Kisha sanduku likatoka kwenye mlango wa mizigo, limefungwa kwa plastiki, na karatasi imebandikwa ubavuni. Wanawake wakaanza kulia, kwaya ikaanza kuimba.

Pamoja na sanduku hilo alikuja kijana mmoja wa suti nyeusi, Timothée, mwenzake Hubert wa kazini, Mkinshasa asiyejua hata neno la Kiswahili. Alikuwa amekaa na mgonjwa mpaka mwisho. Alitazama umati ule, akatafuta mama ni yupi, akaona miwani na gauni jeusi na viatu. Akamwendea Gertrude, akainamisha kichwa, akamshika mikono yote miwili.

"Mes condoléances, madame. C'est vous, la maman?" Ni wewe mama yake?

Gertrude alifungua mdomo. Nasema kweli, safari hii alitaka kukataa. Lakini hakuwahi.

"Non, monsieur," sauti ikasema nyuma yake. "La maman, c'est moi. Je m'appelle Ursule." Mama ni mimi, naitwa Ursule.

Kwaya ilikatika. Si mara moja, sauti moja moja, mpaka wa mwisho akagundua anaimba peke yake. Kijana yule akageuka, akamwona yule mama wa miguu mitupu, akaacha mikono ya Gertrude, akamwinamia yeye. Ruphin alikuwa amesimama na makaratasi ya ndege mkononi. Joëlle alimtazama mama yake, na ukaona uso wake unarudi nyuma, siku kwa siku, uani, kwenye kigoda, kwenye unga, Jumanne ile, akitafuta kila neno alilowahi kusema mbele ya mtu huyu. Akakaa chini, palepale kwenye lami.

Ursule alikuwa amepita. Alifika kwenye sanduku, akaweka kiganja juu ya plastiki, mahali alipodhani kichwa kipo. Watu wote wakanyamaza, wenye suti na wenye miwani, jinsi alivyotaka siku zote.

"Lève-toi, mon fils," akasema. "C'est oublié depuis longtemps."

Alilisema lote, bila kukosea. Akangoja. Baadaye akalirudia, kwa sauti ya chini zaidi, na hapo Aziza akamwondoa kwa nguvu, kwa sababu wabebaji walikuwa wamesimama juani.

Kwenye lori la kurudi mjini walimkalisha kando ya sanduku, Joëlle akakaa miguuni pake. Walipokaribia mjini akashika pagne ya mama yake.

"Mama. Yote ile tulikuwa tunasema... ulikuwa unasikia?"

"Yote."

"Na siku alisema ataomba pardon?"

"Nilisikia."

"Alikuwa analia juu yako kila siku kwa simu, mama. Kila siku. Juu ya nini haukumujibu?"

Ursule aliweka mkono juu ya sanduku ili lisigonge kwenye shimo la barabara.

"Nilikuwa natunza neno yangu ya Bangboka," akasema.